Mifuniko Tisa ya Kanyangi

Jumatano, 1 Oktoba 2025. Mjini Kitui

Nimeanza kazi leo. Naiandika sentensi hiyo kwa uangalifu, kwa sababu nimeingoja kwa miezi kumi na minne tangu nilipovaa joho. Cheo changu ni Karani wa Maoni ya Umma, kwa mkataba wa miezi mitatu. Mwezi wa Januari ofisi itaajiri afisa mmoja wa kudumu, na afisa huyo ninakusudia kuwa mimi, Kalondu binti Mulinge wa Tawa.

Kazi yenyewe ni hii. Imetolewa rasimu ya kanuni mpya za mazingira na wanyamapori kwa ukanda unaopakana na hifadhi. Kabla hazijapitishwa, wananchi wana hadi saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, tarehe 7 Novemba, kutoa maoni yao. Mimi nitasambaza fomu, nitazikusanya na kuzichambua, kisha nitaandaa muhtasari utakaowekwa mbele ya jopo. Mkuu wangu, Bwana Mwau, ambaye huongea kana kwamba kila neno linatozwa ushuru, amenikabidhi mihuri miwili na pedi ya wino wa zambarau. Muhuri mmoja unasema IMEPOKELEWA. Wa pili unasema BATILI.

“Huu wa pili usiuzoee,” akasema, akarudi kwenye uji wake.

Nimejiwekea lengo la fomu mia tatu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimeisoma rasimu yote mara mbili. Ni maandishi mazuri, yenye mpangilio. Kifungu kitakacholeta mjadala ni cha 14: kila mzinga wa nyuki uliotundikwa ndani ya ukanda utapigiliwa bati lenye nambari ya usajili, na mzinga usio na nambari utahesabiwa kuwa hauna mwenyewe, nao utaondolewa. Binafsi sioni tatizo. Mali huhitaji utambulisho.

Alhamisi, 9 Oktoba. Kanyangi

Siku ya soko. Nilikuwa nimevaa koti nililoshonewa kwa ajili ya mahafali ya dada yangu, ambalo kwa joto hili lilikuwa kosa.

Mwenyekiti wa wafugaji nyuki, Mzee Ndululu, alinipokea mbele ya duka la mbegu. Ana sweta lenye kiwiko kimoja tu na hucheka kabla ya kumaliza sentensi zake.

“Madam, wewe ndiye serikali?”

“Mimi ni karani, mzee.”

“Basi ni mtoto wa serikali. Keti.”

Niliwasomea kifungu cha 14. Kicheko kilikatika. Mama mmoja, Katunge, mjane ambaye mumewe alimwachia mizinga arobaini, alisimama akiwa bado ameshika mzani wake wa pojo.

“Nyuki hawapendi nyundo,” akasema. “Ukigongea chuma kwa mzinga wenye nyuki, wanahama kabla hujashuka kwa mti. Na wakirudi, hiyo bati ikipigwa na jua inachemka kama sufuria. Sasa wakihama, ndovu akija shambani kwangu nimfukuze na nini? Na hii rasimu?”

Watu walipiga makofi. Nikaandika: “Hofu kuhusu chuma.” Kisha nikawaeleza kwamba kelele za sokoni hazihesabiki na kinachohesabika ni fomu. Nikamkabidhi Mzee Ndululu fomu mia mbili.

Aliigeuza ya juu. “Hii ni ya mtu ama ni ya ukoo?”

Gari la ofisi lilikuwa likinipigia honi. “Ni ya kila mwenye maoni, mzee,” nikajibu, nikaondoka nikiwa nimeridhika.

Jumanne, 14 Oktoba

Joto. Fomu kumi na moja.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Ofisi imefungwa. Nimepiga pasi.

Alhamisi, 23 Oktoba. Mwingi

Mji huu haukai kimya: malori ya Garissa, mbuzi, vumbi. Nilipeleka fomu kwa Bwana Yarow, mfanyabiashara wa mifugo ambaye pia hununua asali kutoka kusini na kuiuza hadi kwao kaskazini.

“Dada, kaa kwanza. Maoni bila chai ni malalamiko.”

Wafanyabiashara wenzake walijaza fomu ishirini na sita kuhusu njia za mifugo, zote zikiwa na nambari za vitambulisho na sahihi. Nilifurahi mno. Mitungi ya asali dukani mwake imechorwa michoro ya makaa meusi: mistari, nusu duara, misalaba. Niliona ni mapambo ya kupendeza.

Jumanne, 28 Oktoba. Tawa

Kikao cha nyumbani. Nilizungumza kwa dakika ishirini bila kutazama karatasi. Baba alikaa mstari wa mbele na kumwambia kila aliyepita, “Huyo ni wangu,” hata wale waliosoma nami. Fomu themanini na moja. Bwana Mwau alisema, “Vizuri.” Kwake hiyo ni hotuba.

Alhamisi, 30 Oktoba

Furushi la Kanyangi limefika, limefungwa kwa kamba ya mkonge. Ndani yake mna fomu mia mbili. Mia moja tisini na moja ni tupu kama zilivyotoka kwangu! Tisa zimejazwa kwa mwandiko mmoja safi, maoni ni yaleyale, na mahali pa nambari ya kitambulisho na sahihi pamechorwa michoro tu: hapa mistari mitatu na nusu duara, pale msalaba wenye mkia.

Nilikasirika. Nilisema moyoni kwamba watu hawa wamenifanyia mzaha. Mwongozo uko wazi: fomu isiyo na kitambulisho wala sahihi haipokelewi. Nikachukua muhuri wa pili na kuzipiga zote tisa BATILI, BATILI, BATILI, moja baada ya nyingine, nikihisi fahari ya mtu anayelinda viwango.

Jumamosi, 1 Novemba

Mzee Ndululu amepiga simu. “Madam! Alama zetu zilifika? Zote tisa?”

Nikasema zilifika.

“Haya basi. Sasa watu mia mbili na kumi na wawili watalala. Kesho baada ya kanisa njoo ule kwetu, Katunge anachinja kuku.”

Nimekaa na simu mkononi. Watu mia mbili na kumi na wawili?

Jumapili, 2 Novemba. Kanyangi

Nitaandika kila kitu kama kilivyotokea, kwa kuwa sitaki baadaye nijisimulie kwa namna inayonipendeza.

Nilikwenda na zile fomu tisa ndani ya bahasha. Kabla ya chakula, Mama Katunge alinipeleka kuiona mizinga yake ukingoni mwa hifadhi. Ni magogo yaliyotobolewa, yametundikwa kwenye migunga, na shamba lake la pojo linaanzia hapohapo. Kwenye mfuniko wa kila gogo palikuwa pamechongwa kwa ncha ya kisu mistari mitatu na nusu duara. Ule mchoro wa fomu ya kwanza.

“Hii ni ya ukoo wa mzee wangu,” akasema. “Ukiona hii, hata uwe na njaa ya siku tatu, mkono unarudi mfukoni. Hakuna mtu wa hapa hajui.”

Nikauliza, na sauti yangu haikuwa ile ya Tawa, kwa nini basi kila mtu hakujaza fomu yake.

Mzee Ndululu alinitazama kwa mshangao. “Alama moja, fomu moja. Wewe ukikuta alama moja imechongwa mara mbili kwa mzinga mmoja, inamaanisha nini?”

Nikatikisa kichwa.

“Inamaanisha kuna kesi! Ndugu wanagombania. Sasa sisi tupeleke kwa serikali fomu thelathini za alama moja? Watasema huu ukoo umepasuka, hata hawajui mizinga ni ya nani. Tulikaa koo zote tisa, siku tatu, kila mtu akasema yake, mwalimu akaandika kwa mkono mzuri. Ndiyo hizo.”

Siku tatu. Koo tisa. Kila mmoja amesema yake. Mimi nimesomea ushirikishwaji wa umma kwa miaka minne na sijawahi kuona uliokamilika namna hiyo.

Nikatoa bahasha. Mama Katunge hasomi Kiswahili cha ofisini kwa haraka, lakini wino wa zambarau aliuona.

“Umepiga kila moja?”

“Kila moja, mama.”

“Hata yetu?”

“Hata yenu.”

Mzee Ndululu aliishika ya kwake mbali na macho, akasoma herufi kwa herufi, kisha akaangua kicheko hadi akakohoa. “Aiya! Miaka sitini na mbili nimeitwa majina mengi. Batili, bado!”

“Wewe cheka,” Mama Katunge akasema. “Yako ni kumi na miwili, na mitatu ina mchwa. Yangu arobaini ndiyo imelea watoto watano. Ikishushwa, mimi si batili kwa karatasi. Ni batili kwa sufuria.”

Nilisema samahani. Nililisema neno hilo kwa Kiswahili na kwa Kikamba, na kwa lugha zote mbili lilikuwa dogo. Yeye alinichotea paja la kuku, na hilo ndilo lililoniliza. Akaniangalia nikilia na kula kwa pamoja.

“Mwiitu wa Mulinge,” akasema mwishowe, akiniita kama binti wa jirani na si kama karani, “kula umalize. Halafu useme tunafanya nini.”

Jumatatu, 3 Novemba

Nilimpelekea Bwana Mwau taarifa ya ukurasa mmoja inayoanza kwa maneno “Kosa hili ni langu.” Aliisoma huku uji ukipoa.

“Fomu iliyopigwa batili haifufuki,” akasema.

“Naelewa, Bwana.”

“Lakini maoni yanayotolewa ana kwa ana mbele ya jopo yana uzito uleule, mradi yanakiliwa na kushuhudiwa. Jopo liko Kanyangi Alhamisi.” Akafungua droo, akaiweka taarifa yangu ndani. “Waje na uthibitisho wa hizo alama. Na wewe njoo na pedi yako ya wino. Huwezi kujua.”

Nilimpigia baba kumuuliza alama ya ukoo wetu.

“Kalondu, unaulizia nini? Geuza kile kigoda cha nyanya yako. Umeikalia miaka kumi na minane.”

Jumanne, 4 Novemba

Mawingu upande wa kusini. Hakuna mvua.

Jumatano, 5 Novemba

Mawingu. Kumbikumbi wamejaa kwenye taa ya barabarani. Mama mwenye nyumba amewakaanga na kuniletea sahani.

Alhamisi, 6 Novemba. Kanyangi

Nimelowa, viatu vyangu vya ofisini vimekufa, na sijawahi kuwa na siku nzuri kuliko hii.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa kanisa. Jopo lilikuwa na watu watatu, likiongozwa na Bi. Yvonne, wakili kutoka Nairobi, mwenye miwani na kalamu tatu zilizopangwa sambamba. Nilimpenda mara moja na nikamwogopa kwa kiasi hichohicho. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mama Katunge aliitwa wa kwanza. Akafungua kinywa, na papo hapo mvua ikaanguka.

Haikunyesha. Ilianguka. Mvua ya kwanza ya msimu, juu ya mabati yasiyo na dari. Mama Katunge alizungumza kwa dakika tatu nzima, mkono mmoja hewani, na hakuna aliyesikia silabi. Karani wa kunakili aliinua mikono. Kipaza sauti kilitoa cheche na kunyamaza. Watu walikuwa wakicheka na kukumbatiana, kwa sababu hakuna mkulima anayeweza kuikasirikia mvua hiyo, lakini mimi nilimwona Bi. Yvonne akitazama saa na kuanza kuzipanga karatasi zake. Mto ungejaa. Jopo lingeondoka. Kwenye kumbukumbu ingeandikwa: Kanyangi, hakuna maoni.

Mama Katunge naye alimwona. Aliteremka jukwaani, akatoka barazani kwenye mvua, akarudi na gunia. Akalifungua mezani mbele ya wakili: mfuniko wa mzinga, mweusi kwa moshi wa miaka, wenye mistari mitatu na nusu duara. Nyuma yake akaja Mzee Ndululu na wa kwake. Kisha wa tatu, wa nne, hadi mifuniko ikawa tisa, na meza ya jopo ikanuka nta.

Niliyoyafanya sikuyapanga. Nilitoa pedi ya wino, ileile, nikaipaka alama ya kwanza kwa kidole gumba, nikachukua mojawapo ya fomu zilizorudi tupu na kuikandamiza juu ya mfuniko. Ya kwanza iliharibika. Ya pili ilitoka safi: mistari mitatu, nusu duara, zambarau. Nikaiinua juu ya kichwa changu. Wote wa ukoo huo waliposimama na kuja kupanga foleni nyuma ya mfuniko wao, wazee kwa vijana, sikuwa nimewaambia wafanye hivyo. Bwana Mwau alianza kuandika majina na nambari za vitambulisho nyuma ya fomu, akilowa shingoni kutoka tundu la bati, bila kusogea.

Bi. Yvonne aliandika swali kwa herufi kubwa na kulionyesha: NITAJUAJE HAZIKUCHONGWA ASUBUHI HII?

Ilikuwa haki yake kuuliza. Nikatazama huku na huku, na hapo mlangoni nikamwona Bwana Yarow. Alikuwa amefuata asali na lori lake lilikuwa limezuiwa na mvua. Alisukuma umati, akainama sikioni mwa wakili na kuanza kupaza sauti kwa nguvu zake zote. Wakati huohuo mvua ikakatika, ghafla, kama mtu aliyefunga mfereji, na ukumbi mzima ukasikia:

“WALLAHI, ASALI YA HUYU MAMA HAIJAWAHI KUTIWA MAJI!”

Tulicheka hadi benchi moja likaanguka. Bi. Yvonne alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akafanya jambo la mtu anayeijua kazi yake. Aliwarudisha wote kwenye viti vyao, akazifunika fomu, akaichanganya mifuniko mezani, na kumwambia Bwana Yarow aseme kila mmoja ni wa nani.

“Mimi Kikamba sijui, madam, lakini mitungi yote huja kwangu na hizi alama. Ikiwa mbaya narudisha kwa mwenyewe. Huu wa mama. Huu wa huyu mzee wa sweta. Mwaka jana nilirudisha debe lake.”

“Lilikuwa na nyuki wawili tu!” Mzee Ndululu akapinga.

“Walikuwa familia nzima!”

Kila alipoutaja mfuniko, wenyewe walisimama na kuitika. Alipata minane. Wa tisa aliugeuza, akatikisa kichwa. “Huu siujui. Sijawahi kununua kwao.”

Nyuma kabisa akainuka Bwana Gedion, mzee wa kanisa hilohilo, amevaa tai. “Ni wetu. Sisi hatuuzi asali. Tunaitumia nyumbani.”

“Mnaikula ama mnaikunywa?” sauti ya mwanamke ikauliza kutoka dirishani.

Kwa heshima ya ofisi yangu sitaandika yaliyofuata kuhusu pombe ya asali. Inatosha kwamba mchungaji mwenyewe alilazimika kutoka nje, na kwamba Bi. Yvonne, akiwa bado anajifuta machozi, alimwambia karani aandike hivi: “Alama nane zimetambuliwa na shahidi asiye wa jamii hiyo, na ya tisa imeelezwa kwa namna ya kuridhisha.”

Ndipo Mama Katunge akapewa nafasi tena. Mara hii kila neno lilisikika. Alizungumzia nyundo, jua, ndovu. Alimaliza hivi: “Nyinyi mnasema mzinga bila nambari hauna mwenyewe. Huu ulikuwa na mwenyewe kabla baba yangu hajazaliwa. Muandike tu kile sisi tunasoma.”

Ijumaa, 7 Novemba

Saa kumi na dakika arobaini jioni. Nimeziwasilisha fomu tisa, zenye majina mia mbili na kumi na mawili nyuma. Nilizipiga muhuri mwenyewe. IMEPOKELEWA.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua. Kitui yote ni kijani kichanga. Sina la kuripoti, nami nimeona raha kutokuwa nalo.

Jumanne, 9 Desemba

Rasimu ya pili imetolewa. Nimeruka moja kwa moja hadi 14. Mzinga utatambulika kwa nambari “au kwa alama ya ukoo iliyoandikishwa katika daftari la ukanda, pasipo kupigiliwa chuma.” Nilimsomea Mama Katunge kwa simu, polepole. Akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akaniambia nisome tena, na hapo nikasikia amezungukwa na watu.

“Muvea,” akasema. Asante. Kisha akaongeza, “Na hiyo daftari, nani anaandika?”

Nikamwambia ni mimi, kwa kuwa Bwana Mwau amenipa asubuhi ya leo. Kuhusu nafasi ya Januari sijui bado. Nimeambatisha taarifa yangu ya kosa kwenye maombi. Naona ndiyo kazi bora zaidi niliyoiandika.

Ijumaa, 12 Desemba. Kanyangi

Sikukuu ya Jamhuri. Mzee Ndululu amenichongea mzinga kwa gogo la mkuyu, akaniagiza nichonge alama mwenyewe kwa kisu chake: kichwa cha mshale juu ya mstari mfupi, kama ilivyo chini ya kigoda cha nyanya. Nilijikata kidole. Ameutundika pamoja na wa Mama Katunge, aliyekubali kuwa na jirani.

Jumamosi, 20 Desemba

Nilikuwa nikipanga nguo za kwenda nazo Tawa simu ilipolia.

“Madam, wapangaji wako wameingia,” Mzee Ndululu akasema. “Asubuhi hii, kundi zima. Walizunguka mfuniko mara mbili, wakaangalia alama, wakaingia. Hakuna hata mmoja aliuliza nambari.”